Karatasi ya Majina: Novemba, Mwezi wa Marehemu



Novemba kwetu, hasa sehemu za kaskazini na pwani, ni mwezi wa mvua za vuli. Mkulima amekwisha kuandaa shamba, anayatazama mawingu, na mbegu yake i tayari. Huko Ulaya, mwezi huohuo miti inapukutisha majani, baridi inaanza kuuma, na katika nchi kama Polandi jua huzama mapema, yapata saa kumi za jioni. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba kamusi zetu huyaita majira hayo ya Ulaya nayo kwa jina la vuli. Neno ni moja, lakini huku watu wanapanda na kule majani yanaanguka. Bwana wetu aliposema habari za punje ya ngano iangukayo ardhini (Yn 12:24), aliyaweka mambo yote mawili katika punje moja.

Katika majira hayo ndipo Kanisa linapotualika kuwakumbuka marehemu. Leo nataka kueleza desturi hiyo imetoka wapi, jinsi inavyoadhimishwa na taifa moja linaloishika kwa nguvu sana, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe juu yake nilipokuwa padre kijana.

Tuanze na siku zenyewe, maana waamini wengi huzichanganya. Tarehe 1 Novemba ni Sherehe ya Watakatifu Wote, yaani wote waliokwisha kufika kwa Mungu, wenye majina katika kalenda na wasio na majina. Tarehe 2 ni Kumbukumbu ya Waamini Marehemu Wote, wale ambao bado wanatakaswa na wanahitaji sala zetu. Siku hii ya pili tunaidai kwa Mtakatifu Odilo, abate wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa. Yapata mwaka 998 aliagiza kwamba katika nyumba zote za watawa zilizo chini yake, siku inayofuata Watakatifu Wote waombewe marehemu wote. Kutoka huko desturi ilienea polepole hadi ikawa ya Kanisa zima la Magharibi. Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa inaua vijana wa Ulaya kwa maelfu, Papa Benedikto wa 15 aliruhusu kila padre aadhimishe Misa tatu siku hiyo: moja kwa nia aitakayo, moja kwa ajili ya marehemu wote, na moja kwa nia za Baba Mtakatifu.

Naomba mlishike neno hili moja: wote. Odilo hakusema marehemu wa monasteri yetu, wala marehemu wema.

Sasa twende Polandi. Niliishi miaka kadhaa na paroko mmisionari kutoka nchi ile, na mengi ya haya niliyasikia kwake mezani, wakati wa chakula cha usiku. Huko tarehe 1 Novemba ni siku ya mapumziko ya kitaifa, na kwa sababu hiyo watu huenda makaburini siku hiyo hasa, ingawa kwa haki siku ya marehemu ni ile inayofuata. Siku chache kabla, familia huenda na ndoo, brashi na mafagio. Huosha mawe ya makaburi, hufagia majani, na kupanga maua ya krisantemu, ambayo huchanua katika baridi ile wakati maua mengine yamekufa. Kisha nchi nzima huwa safarini. Anayeishi kaskazini na ambaye wazazi wake wamezikwa kusini hupanda gari moshi kwenda kusini. Katika miji mikubwa huongezwa mabasi ya kwenda makaburini tu. Padre huongoza maandamano kati ya makaburi, akiyanyunyizia maji ya baraka na kusimama hapa na pale kuwaombea waliolala.

Jioni ndipo mambo huwa mazuri. Juu ya kila kaburi huwekwa taa ndogo za nta zilizofunikwa kwa kioo, nyekundu, za manjano na nyeupe, ambazo Wapolandi huziita znicze. Giza liingiapo, uwanja mzima wa makaburi huangaza kama kaa la moto, na aliye mbali huona mwanga wake angani. Watoto hutembea katikati ya makaburi wakiwa wameshikwa mikono, wala hawaogopi. Nilipomsikia paroko akisimulia jambo hilo nilikumbuka utotoni kwetu, tulivyofundishwa kupita makaburini mbio na bila kuangalia nyuma.

Tena ipo desturi ya majina, nayo ndiyo inayonihusu zaidi. Kila familia huandika majina ya marehemu wake kwenye karatasi na kuipeleka parokiani. Majina hayo husomwa kwa sauti mbele ya waamini, mara nyingi pamoja na Rozari, jioni baada ya jioni mwezi mzima wa Novemba. Kusoma huchukua muda mrefu, na wengine huchoka. Lakini kila mmoja hukaa akisubiri jina la wake.

Wapolandi wa kale, kabla ya Injili na hata muda mrefu baada yake, walikuwa wakiwapelekea wafu chakula, kama ilivyokuwa kwa babu zetu wengi. Je, Kanisa lilifanyaje? Baada ya muda mkate uleule uliookwa kwa ajili ya wafu ukawa unapewa maskini waombao mlangoni pa makaburi, nao maskini wakimtaja marehemu katika sala zao. Mkate haukutupwa, ila ulihamishwa kutoka juu ya kaburi hadi mkononi mwa mwenye njaa. Kwa maoni yangu hiyo ni hekima kubwa, na makatekista wetu wanaohangaika na habari za matambiko wangefaa kuitafakari. Marehemu hadai chakula chetu, wala hatutulizi hasira yake kwa pombe. Anachohitaji ni sala, Misa, na matendo ya huruma yanayofanywa kwa ajili yake. Anayetaka kuchinja mbuzi siku ya kumbukumbu ya baba yake na achinje, akamlishe mjane wa jirani.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa mwaka 2001. Nilikuwa paroko msaidizi, mwaka wa pili wa upadre, nimejaa masomo ya seminari kuu na sina mengi mengine. Paroko alikuwa ameanzisha desturi ya karatasi za majina katika vigango vyetu, nami nilipewa kazi ya kuzikusanya na kuzipanga. Kigango kimoja kililetwa karatasi na mama mmoja mjane. Ilikuwa na majina manne: la mumewe, la wazazi wake wawili, na la kijana wake wa kiume, ambaye mwezi wa tano mwaka uleule alikuwa amejitoa uhai. Kijiji kizima kilijua. Alizikwa pembeni, upesi, bila wimbo. Watu walikuwa wakisema kuwa ndani ya nyumba yake ilikutwa hirizi.

Wazee wa kigango walinijia wakiwa na wasiwasi. Jina lile likisomwa, walisema, vijana watajifunza nini? Sikuwauliza lolote, wala sikumwendea yule mama. Nilichukua kalamu nikalikata jina kwa mstari mmoja, nikaiweka karatasi pamoja na nyingine. Nikaona nimelinda mafundisho ya Kanisa.

Jumapili ile tulikwenda makaburini baada ya Misa. Paroko alisoma karatasi moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao, taratibu, bila kuruka. Alipofikia karatasi ya mama yule alisoma majina matatu, akanyamaza. Aliisogeza karatasi karibu na macho, maana miwani yake ilikuwa ya zamani, akaitazama kwa muda. Kisha alilisoma jina la nne, kwa sauti ileile. Mama alikuwa amesimama nyuma, karibu na ua. Hakulia kwa sauti. Alikaa chini, pale pale penye majani mabichi, na wanawake wawili wakaketi pamoja naye.

Usiku mezani nilijaribu kujitetea. Paroko hakunikemea, na naona ingekuwa afadhali kama angenikemea. Alisimama, akaleta Biblia, akanifungulia Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, somo lilelile tunalolisoma katika Misa za marehemu. Akaniambia, “Padre, somo hili huwa mnalianza katikati. Soma kuanzia aya ya 39.”

Na ninyi ndugu wasikilizaji, mkifika nyumbani lifungueni. Somo la Misa huanza pale Yuda Makabayo anapokusanya mchango, drakma elfu mbili za fedha, na kuupeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za askari wake waliokufa vitani. Tunalitumia kuthibitisha kwamba kuwaombea wafu ni jambo takatifu, na ni sahihi kufanya hivyo. Lakini aya za mbele yake zaeleza ni wafu gani hao. Yuda na watu wake walipokwenda kuichukua miili, walikuta chini ya kanzu za kila mmoja wa waliouawa vitu vilivyowekwa wakfu kwa sanamu za Yamnia, vitu ambavyo Sheria iliwakataza Wayahudi. Kwa lugha yetu, walikufa na hirizi mwilini. Na ni kwa ajili yao, si kwa ajili ya mashujaa wasio na doa, Yuda alichangisha fedha na kuomba dhambi ifutwe. Nilikuwa nimelisoma somo hilo mara nyingi, na nimelifanyia mtihani.

Kuhusu waliojitoa uhai, ni vizuri makatekista wajue jambo lilivyo, kwa kuwa bado nasikia maneno ya zamani yakirudiwa misibani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa wale waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya mwaka 1983, ambayo ndiyo tunayoifuata, haiwataji tena katika orodha ya wanaonyimwa (kanuni ya 1184). Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, inafundisha katika namba 2283 kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu hao, kwa kuwa Mungu aweza kuwapa nafasi ya kutubu kwa njia anazozijua yeye, na kwamba Kanisa huwaombea. Katekisimu haisemi kwamba tendo lenyewe ni jema. La hasha. Yasema pia kuwa hofu kubwa, mateso na maradhi ya akili vyaweza kupunguza wajibu wa mtu. Nami mwaka 2001 vitabu hivyo viwili vilikuwa kwenye rafu yangu.

Usiku ule paroko alinieleza kwa nini alikaa kimya makaburini kabla ya kusoma. Alikuwa akikumbuka jina jingine lililokatwa kwao. Mwaka 1940 polisi wa siri wa Urusi ya Kisovyeti waliwaua Wapolandi karibu 22,000, wengi wao maofisa wa jeshi na wa polisi, katika msitu wa Katyn na mahali pengine, wakawafukia katika makaburi ya pamoja. Kwa karibu miaka hamsini Moscow ilidai kuwa waliofanya hivyo ni Wajerumani, na ikakiri mwaka 1990 tu. Katika miaka hiyo kuwaombea hadharani kwa kusema ukweli wa kifo chao ilikuwa hatari. Hata hivyo, kila Novemba watu walikuwa wakienda kwenye makaburi ya kijeshi ya Powązki mjini Warszawa na kuweka taa mahali ambapo hapakuwa na kaburi. Tarehe 31 Julai 1981 walisimamisha msalaba hapo. Usiku uleule uliondolewa. Taa ziliendelea kuwekwa.

Mwezi Aprili 1940 wake na watoto wa maofisa hao walichukuliwa majumbani kwao, wakapakiwa katika mabehewa na kupelekwa Kazakistani. Wapolandi wengine walikwisha kupelekwa Siberia mwezi Februari. Hapo ndipo habari hii inapoingia nchini kwetu, ingawa Watanzania wengi hawaijui. Mwaka 1941, Ujerumani ilipoivamia Urusi, Moscow ilikubali kuwaachilia. Maelfu walitoka kupitia Uajemi, na tangu mwaka 1942 meli zilianza kuwashusha katika bandari za Afrika Mashariki, wengi wakiwa wanawake na watoto, wamekonda na wagonjwa. Waliwekwa katika makambi ya Uganda, Kenya, Tanganyika na nchi za kusini zaidi. Kambi kubwa kupita zote ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000, shule zao, hospitali yao na kanisa lao. Huko Nyabyeya, wilaya ya Masindi nchini Uganda, kanisa walilolijenga lingali likitumiwa na waamini wa pale hadi leo.

Vita vilipokwisha wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia, maana hawakutaka kurudi chini ya utawala uliowahamisha. Waliokufa walibaki. Miaka michache baada ya kisa changu, paroko alinichukua kwenda Tengeru mwanzoni mwa Novemba. Ni uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta, wenye makaburi yapata 150 yaliyosakafiwa, yenye misalaba na majina ambayo ulimi wangu haukuweza kuyatamka. Baadhi ni ya watoto. Waliotushangaza ni wale wanaopafagia, kwa kuwa hawakuwa Wapolandi. Walikuwa Watanzania wa pale pale, wanaopajua kila kaburi, na wanaowapokea wajukuu wanaokuja kutoka mbali wakiwa na picha ya bibi yao mkononi.

Paroko alikuwa amebeba mishumaa ya kawaida ya dukani na mitungi mitupu ya jamu ya kuikinga na upepo. Tuliiwasha, naye akaanza kusoma majina kaburi kwa kaburi. Baadaye sauti ilimkauka akanipa mimi niendelee. Nilisoma vibaya mno. Hakuna aliyenisahihisha.

Sasa machache ya kutenda, kwa ajili ya makatekista watakaoulizwa. Kanisa hutoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea wafu, hata kwa moyo tu, katika siku yoyote kati ya tarehe 1 na 8 Novemba. Masharti ni yale yanayojulikana: Kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote, hata ndogo. Rehema hii hupewa marehemu, mtu hawezi kujichukulia mwenyewe. Tarehe 2 mtu aweza pia kuipata kwa kuzuru kanisa na kusali Baba Yetu na Nasadiki. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, Vatikano iliongeza muda huo hadi mwezi mzima. Mwaka huohuo serikali ya Polandi ilifunga makaburi yote tangu tarehe 31 Oktoba hadi 2 Novemba, na ilitangaza hivyo siku moja tu kabla, wakati maua yote yalikwisha kuletwa sokoni. Ikabidi serikali yenyewe iyanunue. Paroko wangu wa zamani, aliyekuwa amekwisha kustaafu kwao, aliniandikia kwamba walisoma majina nyumbani, dirisha likiwa wazi na taa ikiwa juu ya meza.

Kwetu shida si mlango kufungwa, bali nyasi. Tunamzika mtu kwa umati mkubwa, tunajenga kaburi kwa saruji na vigae kwa gharama inayowaacha watoto na madeni, kisha hatufiki tena hadi msiba mwingine. Na kando ya makaburi hayo ya vigae yapo matuta yasiyo na msalaba, ambayo hakuna anayejua ni ya nani, au wote wanajua na hawasemi. Kabla ya siku ya sala, jumuiya ndogo ndogo zikubaliane siku moja ya kazi. Njooni na majembe, mapanga na mafagio, na watoto waje pia. Msifyeke kaburi la ukoo wenu tu na kuondoka. Anzeni na yale matuta ya pembeni, karibu na ua. Karatasi za majina zipelekwe kwa paroko kama zilivyo.

Karatasi ya yule mama ningali nayo katika kitabu changu cha sala, na mstari wangu wa kalamu juu ya jina la mwanawe bado waonekana. Kila tarehe 2 Novemba nayasoma majina yote manne, na tangu mwaka 2016 naongeza la tano, la mama mwenyewe.